Nusu Krauni Nne za Marehemu Mudzingwa

"Mkono huu," alisema Phanuel Taruvinga, akiuinua mbele ya watu mia tatu waliokuja kula wali wa harusi, "tangu mama yangu anizae haujawahi kuangusha sarafu. Siku ukiangusha, ukateni, mpike mchuzi, na chumvi nitaleta mimi mwenyewe."

Watu wa mtaa wetu wa Mkoba walicheka mpaka bia zikamwagika. Hakuna aliyemwambia achunge mdomo. Mtu akiwa anakutolea sarafu kwenye sikio la mchungaji huwezi kumwambia achunge mdomo, unaangalia sikio.

Phanuel alikuwa mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa kuanzia kwenye kiwiko cha mkono wa kulia kushuka chini. Miaka kumi na tisa alikata ngozi kwenye kiwanda cha viatu hapa Gweru, na kiwanda kilipopunguza watu akapunguzwa yeye. Mkewe, Sekesai, aliuza nyanya. Phanuel akabaki na kazi aliyokuwa akiifanya Jumamosi tangu ujana, mazingaombwe ya sarafu, na jina la Profesa ambalo hakuna chuo kilichompa. Ufundi huo aliuona mara ya kwanza akiwa darasa la nne, mtu mmoja mwenye koti la mistari alipokuja shuleni na kumtoa mwalimu mkuu shilingi puani. Phanuel alisema hakushangazwa na shilingi. Alishangaa kumwona mwalimu mkuu amesimama kimya huku mtu kamshika pua.

Anayedhani kazi hii inataka vidole vyepesi tu hajawahi kumuuliza Phanuel, na akimuuliza atajuta, maana atakaa mpaka chakula cha mchana. Inataka sarafu, tena si sarafu yoyote. Ikiwa ndogo, watu wa nyuma hawaioni. Ikiwa kubwa mno, kiganja hakifungi. Mpya inameremeta na kukusaliti, nyembamba inateleza. Kingo zake ziwe na meno, ngozi ipate pa kushikia. Na zisiwe na mdomo: mbili zikigusana mkononi zinong'one kama akina mama kanisani, zisigongane kama vijiko kwenye karai. Halafu ziwe nne, zifanane kama watoto wa tumbo moja, kwa sababu mtazamaji lazima aamini anaiona ile ile wakati anaona nyingine.

Sasa nenda katafute sarafu hizo katika nchi isiyo na sarafu. Miaka ile dola yetu ilikuwa imekufa kifo cha aibu, tunatumia za Wamarekani, noti tupu, zimechakaa na kunuka dagaa. Chenji ilikuwa peremende. Randi za chuma zilikuwepo kidogo, lakini ile ya tano, Phanuel alisema, inalia kama kengele ya shule na kuteleza kama sabuni. Aliwahi kujaribu kazi kwa peremende zenyewe, sherehe ya mtoto wa jirani. Ya kwanza ikapotea vizuri. Alipoinua ya pili mtoto akasema, "Nipe kwanza ile ya kwanza," na mazingaombwe yakaishia hapo.

Seti yake ya zamani, sarafu nne za dola za mwaka wa uhuru, zenye picha ya ule mnara wa mawe, ilikuwa imeuawa na shemeji yake. Shemeji aliezeka choo, akakosa vishikizo vya misumari, akaziona zimekaa bure juu ya kabati. Akazitoboa katikati. Mpaka leo mvua ikinyesha, choo kile hakivuji.

Basi miezi mitatu Phanuel akazunguka kwa wauza vyuma chakavu na kwa vikongwe wenye makopo, akidondosha sarafu juu ya kitambaa na kuinama kuzisikiliza.

"Baba, unanunua au unazipima homa?" muuzaji mmoja alimuuliza.

"Hii ina kifua," Phanuel akamjibu, akairudisha.

Septemba akafa Mzee Mudzingwa, aliyekuwa gadi wa treni. Taruvinga na Mudzingwa ni watani tangu babu zao walipozikana, kwa hiyo msiba ule ulikuwa wa Phanuel kuliko wa wafiwa. Aliingia uani kavaa kofia ya gadi ya marehemu, filimbi mdomoni, akaanza kudai tiketi kwa waombolezaji. Aliyekosa tiketi aliteremshwa kwenye benchi. Mjane mwenyewe, Mungu amlaze salama naye siku yake ikifika, alicheka akiwa bado na machozi. Phanuel akachukua jogoo, akatangaza, "Huyu nimemchukua, alikuwa anamwamsha rafiki yangu bila adabu." Wakamkomboa jogoo kwa peremende nane. Akaivua ile kofia, akaitangaza, ikakombolewa. Ndiyo haki ya mtani. Hakuna mlango unaofungwa kwake siku ile.

Akaingia chumbani kwa marehemu kuchukua blanketi ili alidaie bei. Juu ya kitanda kulikuwa na kopo la ugoro, mfuniko umekaa upande. Ndani, juu ya ugoro, zilikuwa zimelala nusu krauni nne, sarafu za fedha za enzi za mfalme wa Waingereza, zote za mwaka mmoja.

Haya alinisimulia mwenyewe, baadaye, akiwa ameukalia mkono wake. Alisema alizichukua moja moja na moyo ukamwenda mbio kama kijana aliyepewa barua. Zilikuwa zimelika kidogo, uso wa mfalme umelainika kama sabuni ya wiki ya pili, lakini meno ya kingo yapo. Kiganja kilifunga kana kwamba kilipimwa. Akazigusanisha. Zikanong'ona.

Hakupanga. Mkono ulifanya kile ulichofundishwa miaka thelathini. Alifunga kopo, akatoka na blanketi begani, akaonyesha watu viganja vyote viwili, vitupu, akasema, "Blanketi hili nimelichukua." Sarafu nne zilikuwa nyuma ya vidole. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya, na hapakuwa na wa kumpigia makofi.

Wiki mbili alikuwa mtu mwenye raha kuliko yeyote Gweru. Alifanya mazoezi tangu chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni, sadza yetu. Wiki ya tatu, asubuhi, amekaa kitandani, kidole chake cha mwisho kikafa ganzi. Akakipuliza. Akakibana kwa meno. Kisha kidole cha pete kikamfuata mwenzake, na nusu krauni moja ikamtoka, ikagonga sakafu, ikaviringika mpaka chini ya kitanda.

Alikaa pale akiisikiliza ikizunguka, polepole, muda mrefu kuliko sarafu inavyopaswa kuzunguka. Ilipolala, hakuinama kuitafuta. Alitoka nje, akasimama juani.

Jumamosi alikuwa na kazi kwenye sherehe ya chekechea. Akaenda, maana pesa ilikwisha kuliwa. Sarafu ya kwanza ikapotea, ya pili ikapotea, ya tatu ikaanguka mbele ya wazazi wote, kavu, juu ya saruji. Kisha Chikwanha mwenye bucha akasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Profesa, mchuzi ni wa leo au kesho?"

Wakacheka. Kesho yake Sekesai alikuta pakiti tatu za chumvi zimepangwa getini. Aliyezileta hakuna aliyemtaja. Moja, kwa heshima ya ukweli, ilikuwa yangu. Sikujua. Kama ningejua habari za sarafu nisingegusa hata geti lao.

Phanuel aliziangalia zile pakiti kama mtu aliyeletewa jeneza lake kulijaribu.

Alienda zahanati. Nesi akambonyeza kiwiko, akamwambia akunje vidole, viwili vikakataa.

"Unashika nini siku nzima, baba?"

"Pesa."

"Kumbe wapo wenye bahati. Mshipa wa fahamu umebanwa. Acha kushika hicho unachoshika."

"Nikiacha, mkono utarudi?"

"Huenda ukarudi, huenda usirudi. Ganzi ikipanda juu ya kifundo, njoo haraka."

Aliacha. Alizifunga nusu krauni kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati, hakuzigusa siku kumi. Ganzi ikapanda juu ya kifundo, na zahanati hakurudi. Kama kulikuwa na mtu ndani ya mkono ule anazima taa chumba kwa chumba, alikuwa hana haraka.

Ndipo Sekesai alipopanda kiti akafuta vumbi juu ya kabati. Alipokifungua kitambaa alikaa chini palepale, kwenye kiti alichokuwa amesimamia.

"Baba Anesu, hizi za nani?"

"Za kazi."

"Nimekuuliza za nani, sijauliza za nini."

Akamwambia. Sekesai hakupiga kelele. Alianza na swali moja tu.

"Ulizitangaza?"

Phanuel akakivuta kitambaa kwake.

"Jogoo ulimtangaza?"

"Nilimtangaza."

"Kofia? Blanketi?"

"Nilitangaza, mama, watu wote walisikia."

"Na hizi?"

Alisema kwamba ni hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia; ile ya kabla ilikuwa imebisha hodi tu. Mtani anachukua kwa mdomo kwanza, mkono ndio unafuata. Akichukua kwa mkono peke yake, huo si utani tena. Ni mtu kamwibia maiti aliye bado sebuleni, kabla nguo zake hazijagawanywa. Hata watoto wanajua hilo. Phanuel alilijua tangu hajaota meno. Lakini miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuchukua watu wasione, na siku ile alisahau ni kazi ipi iliyompeleka chumbani.

"Zirudishe," alisema Sekesai. "Leo."

"Chumba kimefungwa tangu maziko. Ufunguo anao Shangazi Maidei."

Huyo ni dada wa marehemu, na ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Hata watoto wa kaka yake walioko Johannesburg, Joni kama tunavyoiita, humpigia simu kabla ya kununua kitanda. Siku nne Phanuel alivaa viatu kwenda kwake, na siku nne akavivua. Siku ya tano Sekesai akawapeleka watoto kwa dada yake, na kabla ya kuondoka akamwambia, "Nitawaleta kopo likijaa." Ndipo Phanuel akaenda kwa Shangazi.

Alimkuta Shangazi barazani anamenya karanga. Akaketi chini, akapiga makofi ya salamu. Makofi ya mwanamume yanapaswa kulia kama mbao mbili. Yake yalilia kama mtu anayepiga mto.

Shangazi akainua uso. "Mkono una nini, Mukanya?" Ndivyo wanavyoitwa kwa heshima watu wa ukoo wa Phanuel, ukoo wa tumbili.

"Umelala tu, shangazi."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu baada ya msiba."

"Ahaa," akasema, akaendelea kumenya.

"Nimekuja na jambo."

"Najua. Nilikungoja Septemba. Nikakungoja Oktoba nzima, nikasema, tumbili ataona aibu mwenyewe, ataleta."

"Ulijua?"

"Kaka yangu hakufunga kopo lile hata siku moja katika maisha yake. Ugoro ulimwagika shukani, na mashuka hayo nimeyafua mimi. Naingia baada ya maziko, nakuta kopo limefungwa kama dawa ya hospitali. Nani mwingine pale ana vidole vya namna hiyo?"

"Umemwambia nani?"

"Walio hai, sijamwambia mtu."

Akatupa ganda la karanga. Phanuel akatoa kitambaa, akakifungua juu ya mkeka. Shangazi akavuta miguu yake nyuma, kama mtu aliyeona maji ya moto yanakuja.

"Unajua hizo ni za nini? Ni mshahara wa kwanza wa baba yetu, wa mgodini. Zinawekwa kwenye sahani ya mti na ugoro, tukitaka kusema na wazee wetu waliokufa. Hazijawahi kununua hata kiberiti. Na wewe umezitia kwenye masikio ya watu."

"Sikujua, shangazi. Naziacha hapa. Ziweke kwenye sahani, uniombee."

"Leo tarehe ngapi?"

"Mosi."

"Ya mwezi gani?"

Ilikuwa Novemba, mwezi wa mwiko. Novemba hakuna anayepika pombe ya wazee, hakuna anayewasemesha, hakuna jambo linalopelekwa kwao wala linalotoka kwao. Hata mwizi wa ng'ombe anajua kalenda hiyo.

"Ungekuja jana," alisema Shangazi, "ningemwambia, kaka, mtani wako kakosea, tukacheka. Leo nimwambie nani? Wamefunga mlango. Ondoka nazo."

"Hata chini ya mkeka, shangazi."

"Ulichukua kimya, unataka urudishe kimya. Huko ni kuiba mara mbili. Watoto wanafika kutoka Joni tarehe kumi na nane Desemba, tutagawa nguo. Njoo na filimbi."

"Na mkono je?"

"Mimi si daktari."

Kwa hiyo akakaa nazo. Siku arobaini na saba, nyumbani peke yake, na kitambaa kile juu ya kabati. Alikula kwa mkono wa kushoto kama mtu asiyelelewa. Alihamia kulala jikoni. Akitoka asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba na kusema, "Natoka kidogo, Mzee, nanunua mkate tu," na akirudi alisema amerudi. Siku moja alisahau kuaga, akakumbuka akiwa dukani, akauacha mkate kaunta na kurudi mbio. Kazi mbili za harusi alizikataa. Sisi tulidhani anaona haya kwa sababu ya chumvi. Tukamchokoza. Chikwanha alimpungia kisu kila akipita bucha, na Phanuel, ambaye miezi sita nyuma angemtolea mfupa kwapani, aliificha mikono mfukoni, wa kulia akiusaidia kuingia kwa wa kushoto.

Ganzi ilifika kiwikoni. Alikuwa akiuamsha kila asubuhi kwa kuupiga ukutani, na ukuta, alisema, ulikuwa unaumia zaidi.

Tarehe kumi na nane uani kwa Mudzingwa palijaa. Kabla watu hawajaketi, Shangazi alimfungulia Phanuel chumba.

"Zirudishe koponi. Mfuniko uweke upande, kama ulivyoukuta. Halafu toka, uingie tena kama mtani. Na safari hii tukusikie."

Alifanya hivyo. Akatoka, akavaa kofia, akapuliza filimbi. Ilitoa pumzi bila sauti, akapuliza tena. Watu wakaanza kucheka kwa kumbukumbu ya msiba. Akaingia ndani, akatoka na kopo kifuani.

"Nimechukua," alisema.

"Sema tusikie, mtani," mzaliwa wa kwanza wa marehemu, aliyetoka Joni na suti yake, akamwambia. "Umechukua nini?"

"Nusu krauni nne za rafiki yangu."

Kicheko kilikatika kama redio iliyokatiwa umeme. Wazee wakatazamana. Jogoo sawa, kofia sawa. Hizo hakuna mtani aliyewahi kuzigusa.

"Onyesha," Shangazi akasema.

Akazimimina kwenye kiganja cha kulia, mbele ya macho ya kila mtu, akainua mkono kama alivyouinua kwenye harusi ile. Vidole havikufunga. Zikaanguka zote nne, moja ikalala palepale. Moja ikagonga jiwe la kuanikia vyombo, moja ikaingia chini ya banda la kuku, moja ikaviringika mpaka miguuni mwa mzaliwa wa kwanza, naye na suti yake akaruka nyuma. Hakuna aliyesema mchuzi. Chikwanha alikuwepo, aliangalia chini.

"Ziokote," alisema Shangazi. "Kwa mkono huo huo."

Ilichukua muda. Aliuburuta mkono ardhini kama jembe, akiusukuma kwa ule mwingine, mpaka kila sarafu ikapanda kiganjani pamoja na mchanga wake. Kila moja aliitaja kwa sauti: hii ya kwanza, nimeichukua. Hii ya pili, nimeichukua. Kwenye banda la kuku alilala kifudifudi, na kutoka kule ndani tukaisikia sauti yake ikisema ya nne, nimeichukua.

Alipoinuka, Shangazi akaleta sahani ya mti. "Tunazikomboa. Taja bei."

"Shangazi, mimi sitaki pesa. Nipeni mkono wangu."

Wawili watatu wakacheka, wakidhani ni utani. Shangazi hakucheka.

"Hapa hatuuzi mikono. Taja bei, mtani, watu wana njaa."

Akataja. Mzaliwa wa kwanza akatoa noti, kuukuu, inanuka dagaa. Phanuel akaipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, ule wa kulia ukiwa chini, mahali ambapo mtu hawezi kujua kama umeshika au umebebwa. Alisimama nayo hivyo hivyo, hakuikunja, akiangalia kama kidole chake cha mwisho kitasogea.

Nusu krauni nne, za fedha, za mwaka mmoja: dola moja.